Shingo Mbili na Taa ya Baiskeli

Siku sita za mwisho kabla ya kustaafu nililala vibaya kwa sababu ya swali moja: nani ashike kisu, mimi au Dokta Salumu? Nikilalia ubavu wa kushoto, jibu lilikuwa mimi. Nikigeukia kulia, jibu lilikuwa Salumu. Nikalala chali, na huko juu hakukuwa na jibu lolote, kulikuwa na dari tu. Shingo iliyokuwa ikitungoja ilikuwa ya Feza, binti wa Mama Kalonda, na harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tano. Zaidi ya miaka ishirini na tano nyuma, wakati wa vita, shingo ya mama yake ndiyo ya kwanza niliyoikata maishani mwangu, na niliikata vibaya. Sasa nilikuwa nimemwahidi mama huyo kwamba ya binti yake nitaifanya mimi mwenyewe, na vizuri.

Ninyi wadogo zangu mliobaki bloku, kama tunavyokiita chumba chetu cha upasuaji, mmeniomba mimi dada yenu niandike mambo ya kazi. Vyeo sitavitaja, vilibandikwa mlangoni na mlivisoma kila asubuhi. Nitaandika habari za shingo hizo mbili, kwa sababu kati yake kuna karibu kila kitu ninachokijua.

Nilifika Kindu kuanza kazi nikiwa nimetoka tu chuo kikuu cha Kisangani, kwa miguu, nyuma ya baiskeli. Gari-moshi lilikuwa limelala kituoni, nyasi zimeota kati ya magurudumu. Chumvi, sabuni, dawa, vyote viliingia mjini kwa watu waliosukuma baiskeli msituni siku nyingi, na mimi nilikuwa mzigo kama mizigo mingine, ila mzigo unaouliza maswali. Begani nilibeba madaftari ya mwili wa binadamu. Sura ya shingo nilikuwa nimeinakili mara tatu: kwanza kwa wino, halafu kwa penseli kwa kuhofia mvua itafuta wino, halafu tena kwa wino kwa kuhofia jasho litafuta penseli. Nakala zote tatu zilifika salama. Aliyezibeba ndiye aliyefika akiwa na homa.

Mlangoni pa bloku nilimkuta Papa Amisi, muuguzi wa vyombo, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama kuanzia viatu, akaniuliza kwa Kiswahili cha Kindu, ambako "ndiye" ni "njo".

"Weye njo dokta mupya?"

"Ndiyo, Papa."

"Umekula?"

"Bado. Nilitaka kwanza kuona vyombo."

"Vyombo havina njaa. Kula kwanza."

Nilikula ndizi mbili nimesimama, kisha akanionyesha vyombo. Koleo saba. Mikasi miwili, mmoja ukikata na mwingine ukitafuna. Huo wa pili aliuita Mbuzi. Vyote vilichemshwa katika sufuria juu ya makaa. Uzi wa kushonea ngozi ulikuwa nailoni ya wavuvi, nao tuliuchemsha. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao ili risasi zisiingie, na mwanga nao haukuingia, kwa hiyo taa yetu ilikuwa baiskeli. Iligeuzwa juu chini, ikasimama juu ya tandiko na usukani wake, na ndugu wa mgonjwa akazungusha pedali kwa mikono nyuma ya pazia. Dinamo ililisha balbu moja kwenye waya mrefu. Balbu hiyo aliishika Papa Amisi, yeye tu, hakumpa mtu mwingine.

"Mwenye kisu anakata," aliniambia siku hiyo ya kwanza. "Mwenye taa njo anaona."

Nilidhani ni maneno ya mzee anayejifariji kwa kuwa hajawahi kupewa kisu. Nilidhani hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyonipendeza kuandika hapa.

Alikuwa na jambo lingine. Mwanamke akija na uvimbe shingoni, Papa Amisi alimwambia arudi kesho yake akiwa amevaa ushanga wake wa kila siku. Alimkalisha, akamwambia ageuze kichwa, ainame, acheke, kisha kwa kalamu akapiga mstari mfupi pale ambapo shanga zililala zenyewe. "Kata hapa tu," alisema. "Kovu itavaa ushanga, hakuna muntu ataiona."

Mama Kalonda alikuja kutoka Lokandu na kapu la samaki wa kukaushwa kichwani na uvimbe chini ya taya la kushoto. Alikuwa ameolewa mwaka ule, ana sauti ya sokoni, na hakuwa mtu wa kuona haya.

"Batu wanasema nilimeza yai ya bata ikapotea njia," alisema. "Dokta, iko dawa ya hii yai?"

Niliuminya kwa vidole. Ulikuwa laini, hauumi, unateleza. Ninyi mnaujua: tukiwa tumboni mwa mama, shingo hujengwa kwa mikunjo, na mkunjo mmoja ukisahau kujifunga hubaki kifuko kidogo ambacho hujaa maji polepole, hata kwa miaka ishirini. Si saratani na hakiui. Ubaya wake ni majirani. Mbele ya kifuko hicho na nyuma yake ipo mishipa mikubwa ya damu, ipo neva inayoinua bega, na juu kidogo ipo neva ndogo inayovuta kona ya mdomo mtu akicheka. Mwenye kivimbe haogopi kivimbe. Anayeogopa ni daktari, tena aliyenakili sura ya shingo mara tatu.

Papa Amisi alipiga mstari wake wa ushanga: sentimita nne. Niliutazama nikaanza kufikiri. Je, damu ikitoka, nitaweka wapi kidole? Je, kama si kivimbe cha maji? Je, kama ni cha maji lakini kimeshikana? Je, baiskeli ikikatika mnyororo? Mvua ilikuwa ikinyesha saa tisa ile ya mchana, chumba kimekuwa giza, mume wa Mama Kalonda anazungusha pedali nyuma ya pazia, na mimi nikaanza kukata juu ya mstari. Nilifika mwisho wake. Sikusimama. Nilikata mpaka nilipoacha kuogopa, na niliacha kuogopa karibu na kidevu. Baadaye nilipima. Woga wangu ulikuwa na urefu wa sentimita kumi na moja.

Papa Amisi alisogeza tu balbu kufuata mkono wangu, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyepotea.

Dawa ya kulaza tuliyokuwa nayo ilimlaza mtu huku akiota kwa sauti, na Mama Kalonda aliota yuko sokoni.

"Unashika-shika tu na haununue," alisema kutoka chini ya kitambaa. "Acha samaki yangu."

"Nimeacha, mama," Papa Amisi akajibu.

"Na yule pembeni yako naye aache."

Yule pembeni nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekizunguka kivimbe kwa kidole, nikavuta kwa haraka, na kikapasuka. Maji ya rangi ya uji yaliruka moja kwa moja kwenye miwani ya Papa Amisi. Nikasema, "Kimepasuka." Nyuma ya pazia mume alisikia neno hilo akaelewa ni mke wake aliyepasuka, akaachia pedali. Giza likaingia. Nilikuwa na mkono ndani ya shingo ya mtu nisiyemwona, na mtu huyo alikuwa akibishania kambale.

"Baba, zungusha," Papa Amisi alisema gizani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Bibi yako mzima. Anauza samaki."

Mwanga ukarudi, kwanza mwekundu, halafu mweupe. Mimi nilidhani kazi imekwisha, kifuko kimetoka, tushone. Papa Amisi alivua miwani, akashusha balbu mpaka ikalala karibu na ngozi, ikamulika kutoka chini.

"Kipande ya ukuta yake ile pale. Inashika kwenye mushipa. Kama unaiacha, itarudi."

Nisingekiona. Niliinama, nikakitoa taratibu kwa ule mkasi unaokata, na kivimbe hakijarudi mpaka leo. Kilichobaki ni kovu. Lilipona likavimba kama kamba, likaanzia kwenye ushanga likapanda mpaka tayani, na hakuna ushanga duniani unaovaliwa hapo.

Sasa nieleze kovu hilo lilifanya nini, maana ninyi vijana mnaweza kufikiri kovu ni ngozi tu. Vita vilipotulia, kila mtu mjini alijua kusoma makovu. Mtu mwenye alama ndefu shingoni huulizwa kwa upole: ilikuwa wapi, walikuwa nani, uliponaje. Mama Kalonda alianza kwa kusema ukweli. Hakuna aliyemwamini. "Maji tu? Nani anakatwa hivi kwa ajili ya maji?" Walidhani anaficha aibu, wakamhurumia zaidi. Basi akachoka akaanza kutunga. Kila mteja alipata kundi lake la wapiganaji na msitu wake. Kwenye kizuizi kimoja kando ya mto askari walisimama kumpisha. Kila alipopita kwangu na samaki alinisimulia uongo mpya, tukacheka mpaka anashika mlango. Akiondoka, mimi nilibaki nikifikiria ile kalamu ya Papa Amisi na mahali iliposimama.

Miaka ikapita. Gari-moshi lilirudi, na siku lilipopiga honi yake ya kwanza nusu ya wagonjwa walitoka wodini kwenda kulitazama, mmoja akiwa ameshika chupa yake ya maji ya dripu juu ya kichwa kama taa. Niliwafuata ili kuwarudisha, nikakaa saa nzima. Papa Amisi alistaafu, akazeeka, akafa kitandani kwake akiwa na wajukuu. Mimi nilikata shingo nyingi, na mikato yangu ikafupika: kumi na moja, tisa, sita, nne. Wengine huzeeka kwa miaka. Mimi nilizeeka kwa sentimita.

Halafu akaja Dokta Salumu kutoka Goma, na sanduku lenye kamera. Kamera hiyo ni fimbo nyembamba kama kalamu, ina taa mbele, na inachokiona kinatokea kwenye kioo ukutani. Kwa kivimbe cha pembeni mwa shingo, alisema, hatukati shingo kabisa. Tunakata sentimita nne nyuma ya sikio, pale nywele zinapoanzia, tunafungua njia chini ya ngozi juu ya msuli, tunaingiza kamera na vyombo virefu, tunakiachanisha kifuko na majirani zake, tunanyonya maji yake, tunakitoa kwenye tundu lilelile kama soksi. Kovu linabaki ndani ya nywele.

Nilimsikiliza nikafurahi hadi nikaogopa. Kisha wiki hiyohiyo Mama Kalonda akaingia na Feza, na Feza alikuwa na yai la bata chini ya taya la kushoto. Vivimbe hivi mara chache hufuata ukoo. Ukoo huu vilikuwa vimeupenda.

"Dokta, munaona," Mama Kalonda alisema, na mara hii hakucheka. "Miye nimebeba vita ya uongo miaka yote. Mutoto wangu asibebe. Anaolewa. Wakwe wataangalia shingo wataanza kuuliza. Wewe njo ulinikata, wewe njo utamutengeneza."

Nikasema, "Nitamfanya mimi mwenyewe." Ni jambo pekee maishani ambalo sikulifikiria kabla ya kulisema, na mnaona lilikonifikisha.

Salumu alinitengenezea shule kwenye boksi la maziwa ya unga. Ndani aliweka nyanya iliyoiva sana iliyofungwa kwa kipande cha kitenge, na kazi ilikuwa kuitoa kitengeni bila kuipasua, ukitazama kioo badala ya mikono yako. Nilijaribu mchana kutwa, siku nne.

"Mama," Salumu aliniambia, "unavuta kama muntu anatoa ndoo kisimani."

"Nimetoa ndoo kisimani, kijana. Wewe ulizaliwa na bomba."

"Sawa, Mama. Lakini hii si ndoo."

Kati ya nyanya kumi na mbili nilipasua kumi na moja. Idadi hiyo nilishaijua. Salumu alipasua mbili. Nyumbani kwangu wiki hiyo sombe ya muhogo ilipikwa kwa nyanya nyingi kuliko majani, na hakuna aliyelalamika. Nikajiambia: mikono yangu itazoea. Nikajiambia: niliahidi. Nikajiambia: Salumu ni kijana, na vijana hukata kirefu, nilimjua kijana mmoja. Huo ndio ulikuwa usingizi wangu wa siku sita.

Siku ya sita, asubuhi ya upasuaji, Salumu aliandika kwenye karatasi ya matayarisho: mnyoe nyuma ya sikio la kushoto. Muuguzi akaenda na wembe. Dakika mbili baadaye Feza alikuwa getini akiwa na gauni la hospitali lisilofungwa mgongoni, mama yake nyuma yake amelishikilia kwa mikono miwili.

"Bwana hajamuoa bado," Mama Kalonda alituambia tulipowafikia, "na munataka aonekane amefiwa naye?"

Kwetu mwanamke aliyenyolewa ana msiba, kila mtu anajua. Salumu naye alijua, lakini kitabu chake kiliandikwa na watu wanaonyolewa bila kufiwa. Alisimama pale na karatasi yake, masikio yamemshuka. Nami nikakumbuka ushanga.

"Mama," nilimwambia Mama Kalonda, "unaweza kumsuka wewe? Nywele zote zirudi nyuma, uache kinjia kimoja tu hapa, nyuma ya sikio."

"Kinjia ya upana gani?"

"Kidole."

"Kidole yangu ama ya kwako?"

"Ya kwako, mama. Ya kwangu haina sifa nzuri."

Hapo akacheka. Feza alikaa chini kati ya magoti ya mama yake, wodi nzima ikitoa maoni, na mama akasuka. Alipomaliza, nyuma ya sikio palikuwa na kinjia safi kama kile cha kuteremkia mtoni, na hakuna unywele uliopotea. Salumu alichuchumaa na kalamu. Mimi sikutazama sikio, nilitazama kalamu. Ilianza pale kinjia kilipoanzia, ikaenda bila kutetemeka, ikafika mwisho, ikasimama. Haikuongeza hata nukta.

Basi. Swali la siku sita lilijibiwa na kalamu ya kijana aliyejua kusimama.

Nilimvuta Mama Kalonda pembeni.

"Mama, kisu atashika Salumu."

"Uliahidi."

"Niliahidi shingo bila kovu. Nikishika kisu mimi, ahadi itavunjika. Mkono wake unajua kazi hii, wa kwangu unaijua ile ya zamani."

Kidole chake kilikuwa juu ya kovu lake, sidhani alijua.

"Na weye utakuwa wapi?"

"Nitashika taa."

"Kama ule muzee."

"Kama yule mzee."

"Bwana yangu anasemaka kila siku," alisema, "ule muzee wa taa njo aliniokoa. Yeye bwana alisikia yote nyuma ya pazia."

Mimi nilikuwa nikilijua hilo. Sikujua kama wao walilijua, na walikuwa wakiniletea samaki miaka yote hiyo.

Ndani ya bloku nilisimama upande wa msaidizi. Salumu alinyoosha mkono kunipa kisu kwa heshima, kama alivyofundishwa. Nilichukua kamera.

"Kata, Dokta," nikasema.

Wadogo zangu, nimekata shingo miaka yote hiyo na sikuwahi kuiona mpaka siku hiyo. Msuli ulipita mwekundu na mpana kama barabara ya Kampene baada ya mvua. Neva ya bega ilikuwa uzi mweupe, inang'aa, iko mahali palepale nilipoichora mara tatu. Mshipa mkubwa ulikuwa wa samawati, unajaa na kupungua, hauna habari nasi. Na juu yake kimekaa kivimbe, mviringo, kizima, nyanya ya Salumu kabisa. Nilianza kucheka chini ya barakoa, na picha ikatikisika ukutani.

"Mama, taa."

"Samahani, Dokta."

Alikiachanisha mbele, akakiachanisha pembeni, akataka kukivuta. Niliona kitu ambacho kwenye kioo kilikuwa kivuli tu. Nikashusha kamera taratibu, nikaielekeza imulike kutoka chini.

"Usivute. Ukuta unashika pale, kwenye mshipa."

Akasimama. Akatazama. "Sikuiona," alisema.

"Wewe unakata."

Akakitenga kwa mkasi mrefu, unyuzi kwa unyuzi, kisha akanyonya maji yake, na kifuko kikatoka nyuma ya sikio kizima, kimelegea, kama soksi kweli. Mtu wa dawa ya usingizi alipiga hatua mbili za rumba nyuma ya mashine yake, akarudi kukaa. Hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Feza ameketi. Nilimwambia ainue bega, akainua. Nilimwambia acheke, akamtazama mama yake, na mdomo ukaenda sawa pande zote mbili. Mama Kalonda alimshika kidevu, akapitisha kidole shingoni kuanzia sikio hili hadi lile, polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye samaki. Akarudia. Hakupata kitu.

"Dokta," akasema, "ulimukata wapi?"

"Sikukata mimi, mama. Mimi nilishika taa."